Uso Niliougeuzia Mgongo

Jumapili, mwezi wa nne. Mvua, goti linauma, roho haijatulia.

Mvua imeanza alfajiri na sasa ni saa nane mchana, bado inapiga bati kama wana ugomvi wa zamani. Hapa Mugumu mvua ya mwezi huu haina adabu. Goti langu la kushoto lilinionya tangu jana jioni, nami nikalipuuza kama ninavyompuuza kila anayenishauri. Kanisani sikwenda. Nimekaa dirishani na kompyuta ndogo niliyopewa na Bhoke, binti yangu wa kwanza. Yeye ndiye aliyenifungulia blogu hii ili, kwa maneno yake, nipunguze kumsimulia mama yake habari zile zile.

Haya, leo nina habari mpya.

Leo asubuhi nimemwona mama mkwe wangu.

Mwenyewe alifariki Bhoke akiwa bado tumboni. Nilikuwa mkwe wake miaka mitatu, nikala ugali uliotoka jikoni kwake, nikaishi na binti yake wa pekee, na sikuwahi kumtazama usoni hata mara moja. Mpaka leo, nikiwa na mvi na fimbo.

Nieleze kidogo, maana wanaosoma hapa wengi ni vijana. Mimi ni Mkurya wa Tarime. Mke wangu ni mtu wa Nyambureti, na katika jambo hili kwao na kwetu hatupishani sana. Mkwe ni mkwe. Humpi mkono. Huingii nyumba aliyomo. Mkikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Ukiwa na neno la kumwambia unamtuma mtu wa tatu, hata kama yeye anakusikia na wewe unamsikia. Jina lake hulitamki, ndiyo maana hapa silitaji, na Bhoke asiniulize tena. Na juu ya hayo yote kuna macho. Macho yako hayapandi usoni kwake.

Siku hizi naona vijana wanapiga selfi na mama wakwe zao, mashavu yamegusana. Siwalaumu, dunia inakwenda. Ila nikiziona picha hizo kwenye simu nageuza uso upande, na mke wangu ananicheka mpaka anashika mbavu.

Watu hudhani ile ilikuwa chuki. Wala! Yule mama alinipa mtoto wake. Ningemkazia macho kama nani?

Shida ni kwamba kazi yangu ilikuwa kutazama.

Nilikuwa mpiga picha za sinema. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, ofisi yetu kule Dar es Salaam ilitengeneza filamu fupi za kuzungushwa na gari la sinema, zikaonyeshwa kwenye ukuta wa shule au kwenye shuka jeupe lililofungwa kati ya miti miwili. Kilimo bora, choo bora, kisomo cha watu wazima. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, suruali pana chini, na kiburi cha kuutosha ukoo mzima.

Kiburi chenyewe kilitokana na kitu kimoja nilichokuwa nimejifunza. Kamera ina maneno yake, na maneno hayo yanatoka pale unapoiweka. Lala chini umpige mtu ukiwa kwenye vumbi, anakuwa mkubwa, hata kama ni mlevi wa kilabuni. Panda juu umpige ukiwa kwenye paa, anakuwa mdogo, kama kosa lake limeshajulikana. Mweke mbali peke yake katikati ya mbuga, watu wataanza kumwonea huruma kabla hawajajua jina lake. Na ukimsogelea karibu, kidevu mpaka paji la uso, umeingia chumbani kwake. Hapo inategemea umepiga hodi au hukupiga.

Mwongozaji wetu, Ndugu Mbwana, ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mtu wa pwani, mtaratibu, miwani minene, kofia ya mkono haimtoki kichwani hata kwenye jua la Shinyanga. Alikuwa na msemo wake: jicho likienda, lifuate. Maana yake, mtu kwenye filamu akitazama pembeni, basi picha inayofuata lazima imwonyeshe mtazamaji kile kinachotazamwa. Usipofanya hivyo, umemdanganya mtazamaji.

Msemo huo nilikuja kuukumbuka leo, baada ya miaka yote hii.

Siku moja Ndugu Mbwana akaja na karatasi ya safari. Tunakwenda Mara kupiga filamu ya watu wanaohamia kijiji kipya. Nikaisoma karatasi, nikaona Nyambureti, kwa wakwe zangu.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba na daktari alikuwa amemkataza safari. Kwao alikuwa hajafika tangu nilipomleta Dar. Barua za kaka yake zilisema mama anakohoa tangu kiangazi, ila msijali. Ukiambiwa usijali kutoka kijijini ndipo unapoanza kujali. Alipokuwa ananikunjia mashati, akasimama na shati mkononi.

"Mwita, mimi sina picha ya mama. Hata moja. Usiku nikifumba macho, nayaona mavazi yake, naona mikono yake, lakini uso unanipotea. Niletee uso wake."

Nikasema ndiyo. Mwanamume wa umri ule husema ndiyo kwanza, kufikiri ni baadaye. Nilikuwa nimeshapanda Land Rover ndipo nilipojiuliza: mura, kijana wewe, uso wa mkwe utauleta kwa macho ya nani?

Siku nne njiani. Tulipofika, kijiji kipya kilikuwa zaidi kwenye ramani ya bwana mipango kuliko ardhini. Vigingi vilikuwa vimepigwa kwa mistari iliyonyooka, na nyumba zilizoezekwa zilikuwa tatu. Nakiri hapa, maana sidhani kama kuna atakayenifunga sasa: nyumba hizo tatu nilizipiga kwa pande tatu, nikabana picha zisionyeshe nafasi tupu zilizo kando, na kwenye filamu zikawa tisa. Watu nao waliombwa wapite mbele ya kamera na mizigo yao wakiimba, kisha wazunguke nyuma ya kichuguu wapite tena. Kulikuwa na beberu wa mbuzi mwenye jicho moja, amehamia ujamaa mara nne.

Balozi wa nyumba kumi alikuwa mtu mfupi, mfupi kweli, na mwenye moyo mwema. Nilimpiga nikiwa nimelala kifudifudi, naye amesimama juu ya kichuguu, mawingu nyuma yake. Wanawake walicheka mpaka wakaweka mizigo chini. "Mpige tena," mkewe akaniambia, "labda atabaki hivyo hivyo."

Nilicheka nao. Nilikuwa najiona fundi.

Halafu akaja yeye.

Nilikuwa na jicho kwenye kamera, mstari wa watu unakuja kutoka upande wa miji ya zamani, yale makazi waliyotakiwa kuyahama. Nikaona miguu ya mwanamke, pindo la kanga nyekundu, mwendo wa polepole. Mwendo ule niliujua, kwa sababu mke wangu anatembea vile vile, kisigino cha kulia kinagusa chini kwa heshima zaidi kuliko cha kushoto. Kichwani alikuwa amebeba jiwe la kusagia. Kijiji kizima kiliambiwa kuna mashine ya kusaga inakuja, na yeye akabeba jiwe lake.

Mikono yangu ikaamua yenyewe. Kamera ikapanda juu.

Nilipiga mawingu sekunde kumi na tano. Mawingu mazuri, sikatai.

"Ndugu Mwita," akasema Ndugu Mbwana nyuma yangu, "yale mawingu nayo yanahamia kijijini?"

Ikabidi nimwambie. Yule ni mkwe wangu.

"Hongera."

Nikamweleza, simtazami usoni. Akanisikiliza kwa upole wake wote, kisha akasema kwao yeye mama mkwe anapelekewa samaki na wanakula sahani moja. Akasema yule mama ana uso wa filamu nzima, kwamba jiwe lile kichwani limesema mambo ambayo hotuba ya mkuu wa wilaya haikuyasema, na kesho anataka picha ya karibu, kidevu mpaka paji la uso. Kazi ya taifa haina mkwe. Nikisema siwezi, ataandika kwenye ripoti kwamba siwezi.

Mimi ripoti sikuiogopa sana. Nilimwogopa mwanamke mmoja mwenye mimba ya miezi saba.

Mchana ule wote nilimpiga mama mkwe kwa njia za wizi. Mikono yake ikifunga mzigo kwa kamba ya katani. Kivuli chake ukutani. Mgongo wake, kutoka mbali, akirudi mji wa zamani kuchukua kuku waliobaki, anakuwa mdogo na mdogo mpaka majani yanammeza. Picha ile ya mgongo ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, nilijua hata kabla haijasafishwa. Lakini nilijua pia nitakachoulizwa nikishuka kwenye gari Dar. Ningefungua mkoba nimwambie mke wangu, haya, mama yako huyu hapa, mgongo?

Niliona uchungu. Nilikwenda kukaa nyuma ya gari nikajifanya nasafisha lenzi.

Pale ndipo aliponikuta Mama Weigesa, jirani yao, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Akaniuliza nini kinaniliza. Nikasema vumbi. Akasema vumbi la wapi, jana mvua imenyesha. Basi nikamwambia yote, uso, ahadi, mimba, mawingu. Akaondoka pale pale, nikajuta kufungua mdomo.

Asubuhi yake akarudi. Akasimama hatua tatu, akakunja mikono kama anayetoa ushahidi.

"Mkweo anakusalimu. Anasema amesikia mwanawe anataka uso wake. Anauliza, hiyo mashine nayo imeoa kwetu?"

Nikaigeukia kamera, nikaitazama.

"Nimwambie nini?" akauliza Mama Weigesa.

"Mwambie haijaoa."

"Basi anasema, iache ifanye kazi yake. Wewe geuka."

Jamani. Mimi nimesomea kamera, nimefundishwa na watu waliofundishwa Ulaya, na jibu limetoka kwa mama ambaye hajawahi kuingia kwenye sinema.

Ndugu Mbwana siku hiyo alikuwa amekwenda Mugumu kutafuta petroli. Nilibeba kamera na stendi yake mpaka mji wa zamani, kwenye nyumba ambayo mama mkwe angeiacha kesho yake. Jua la asubuhi lilikuwa linapiga mlangoni sawasawa. Nikaweka kigoda mbele ya mlango, nikamkalisha Mama Weigesa kwa kupimia. Nikapima kwa utepe kutoka lenzi mpaka pua yake, naye akapiga chafya. Nikapanga mwanga.

Halafu likaja suala la urefu. Niiweke kamera wapi? Nikiiacha kimo changu, itamtazama kutoka juu, na hapana mtoto wa watu anayemtazama mama mkwe kutoka juu. Nikikaa chini kabisa kama nilivyofanya kwa balozi, atakuwa sanamu, na mke wangu hakuomba sanamu. Nikashusha miguu ya stendi taratibu mpaka lenzi ikawa chini ya macho ya Mama Weigesa kidogo tu, kimo cha mtu aliyeinama kusalimia. Pale pale. Nikaikaza.

Nikamtuma Mama Weigesa: mwambie akae, atazame ndani ya kile kioo cheusi, humo ndimo mwanawe atakapomwona. Kamera zile zilikuwa za kukaza kwa ufunguo kama saa ya mezani, na ikikazwa mpaka mwisho inakwenda chini ya nusu dakika, kisha inajifia. Nikaikaza. Nikafunga kitufe kibaki kimebonyea, ikaanza kunguruma. Nikasogea hatua moja kando, nikageuka, nikampa mgongo.

Nikasikia nyayo. Kigoda kikalia. Akakohoa mara moja, kikohozi kikavu, kile cha kwenye barua. Kisha ikabaki sauti ya kamera inasaga filamu. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye zizi tupu na mti uliokatwa matawi. Nilikuwa nahesabu, na jasho linanitiririka mgongoni, nikajua tu kwamba mgongo wangu unaonekana.

Kamera ikajifia. Nyayo zikaondoka.

Mama Weigesa akaja mbele yangu anafuta macho kwa kanga. Nikamuuliza, ametazama kwenye kioo? Akasema ametazama. Sasa unalia nini? Akasema vumbi.

Kule Dar, filamu iliposafishwa, tulikaa chumba cha giza kuitazama yote. Nilipoona ule mlango wa mji wa zamani unatokea ukutani, kigoda bado kitupu, nilitoka nje. Niliporudi taa zilikuwa zimewashwa. Ndugu Mbwana alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa pindo la shati. Akasema kipande hiki hakifai kwenye filamu ya serikali. Sikushangaa. Nilijua kosa lake: mtu akitazama ndani ya kamera, hadithi inavunjika, kila mtazamaji anahisi ameitwa jina. Akakikata kwa mkasi, akakiviringisha, akanitilia mfukoni mwa shati. "Mpelekee mwenyewe," akasema. Kisha akaniangalia muda mrefu, kuanzia viatu mpaka kichwa. Nilidhani ananihurumia.

Kipande nilikitia kwenye kopo tupu la dawa ya viatu, nikampa mke wangu pamoja na kioo kidogo cha kukuzia nilichokiazima ofisini na sijakirudisha mpaka leo. Akakaa dirishani. Akainua utepe kwenye mwanga, akasogeza picha moja moja, zile picha ndogo kama ukucha wa mtoto. Mimi nilisimama mlangoni nikitazama sakafu. Akalia. Halafu akacheka. Halafu akalia tena.

Nikamuuliza, anatazama kamera?

"Ananitazama mimi," akasema.

Akafunga kopo. Wiki mbili baadaye barua ikaja. Barua zilichelewa siku zile, kwa hiyo hata msiba ulikuwa umeshapoa. Alikuwa amezikwa kule kule mji wa zamani, kwa sababu makaburi ya kijiji kipya yalikuwa bado hayajapimwa. Mke wangu hakumzika mama yake. Alikaa dirishani na lile kopo, na tumbo lake, na siku tatu hakula. Uchungu ulipomshika wa kumzaa Bhoke aliingia nalo hospitali, nesi akamuuliza kama anakwenda kupaka viatu.

Tangu siku ile mpaka majuzi haya kopo lilikaa kwenye sanduku lake. Siku nyingine, nikirudi nyumbani ghafla, nilimkuta dirishani na kile kioo. Ikawa desturi yangu kukohoa kwanza nikiwa uani. Sijawahi kulifungua. Si kwa kuogopa kwamba angejua. Ningejua mimi.

Sasa Bhoke.

Bhoke anafundisha Mwanza, na ana jino la mbele lililoachana na mwenzake, nafasi inayoingia punje ya mtama. Sisi wawili hatuna nafasi hiyo. Tumeitania miaka yote kwamba tulibadilishiwa hospitali. Mwezi uliopita aliomba kopo kwa mama yake, akalipeleka kwa mtu anayejua kuzihamisha filamu za zamani, na jana akaja na kitu kidogo kama kidole, akakichomeka kwenye televisheni leo asubuhi, mvua inanyesha, mimi nimekaa nakunywa chai sina habari.

Nikaona mlango wa udongo. Kigoda kitupu. Jua.

Nikashika fimbo nisimame niondoke. Goti likagoma. Nawaambia, likakwama kabisa, nikabaki nusu nimekaa nusu nimesimama kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Kaa, baba Bhoke," akasema mke wangu. Hakucheka. "Yule pale ana miaka hamsini na kidogo. Wewe umemzidi karibu miaka thelathini. Mzee gani anamkimbia mtoto?"

Nikakaa. Nikatazama chai. Halafu nikainua macho.

Mkono umeshika kanga, anaingia kwenye picha kutoka kushoto, anakaa. Ndewe za masikio zimening'inia. Paji la uso pana, la mke wangu lile lile, lakini limechomwa na jua. Anakohoa, nami nikakisikia kikohozi, ingawa filamu haina sauti. Kisha anatazama moja kwa moja ndani ya kioo kama nilivyomtuma Mama Weigesa amwambie, anatulia, na kweli, anamtazama binti yake. Ungeapa yupo sebuleni. Mke wangu pale kwenye kochi akajiweka sawa kitambaa cha kichwa.

Hapo nilidhani imekwisha.

Macho yakaondoka. Yakatoka kwenye kioo taratibu, yakaenda kando, hatua moja tu kando. Yakaanza chini, yakapanda. Yakasimama.

Jicho likienda, lifuate. Nimefanya kazi hiyo miaka thelathini, sihitaji kuelezwa. Pale hatua moja kando ya kamera palikuwa na nini? Palikuwa na kijana mmoja mwenye suruali pana, amegeuka, ameukaza mgongo kama askari, jasho limelowesha shati.

Alikuwa ananitazama mimi.

Mwanamke ambaye kila tulipokutana njiani alikuwa akiingia porini nipite. Alisubiri nigeuke, akajua sitamwona, akamtazama mtu aliyemchukua mwanawe akampeleka mbali. Alinitazama bila haraka, kama mtu anayekagua nyumba ambamo mtoto wake atalala. Halafu pembe ya mdomo ikaanza kupanda, midomo ikafunguka, na nafasi ile ya jino, ya Bhoke ile ile, ikaonekana. Alikuwa anaanza kucheka. Hapo kamera ikajifia.

Nililia, nakiri. Sikusema vumbi.

Kumbe Ndugu Mbwana aliona. Ndiyo maana aliniangalia vile, kuanzia viatu mpaka kichwa: alikuwa anafuata jicho. Mama Weigesa aliona. Na mke wangu, na kioo chake cha kukuzia, ameona tangu siku ya kwanza. Nikamgeukia. Miaka yote hii?

"Ningekuambiaje kwamba mama yangu amemkodolea macho mkwe wake?" akasema. "Ningemvua nguo mama yangu."

Nikamsogezea chai yangu.

Nimewaza tangu asubuhi. Nilijivunia kwamba najua kamera inasema nini nikiiweka juu, nikiiweka chini, nikisogea, nikirudi nyuma. Na picha moja niliyoipiga bila kutazama ndiyo iliyojua zaidi yangu. Nilidhani ule mgongo wangu ni heshima niliyompa yeye. Kumbe yeye aliutumia kunipa baraka, na mimi nimeishi na baraka hiyo kwenye kopo la dawa ya viatu bila kuifungua. Kama goti lisingegoma, ningekufa sijui.

Sasa hivi Bhoke ameuliza kama aizime televisheni, umeme usije ukakatika. Nikamwambia asizime, airudishe mwanzo. Nikaomba kile kigoda cha jikoni. Mke wangu akasema utashindwa kuinuka, nikasema mtaniinua. Nikakaa chini pale mbele, kimo cha mtu anayesalimia, nikavua kofia. Mlango. Kigoda kitupu. Kanga ikaingia, akakaa, akakohoa, akamtazama binti yake. Nikasubiri macho yasogee kando. Yaliponifikia, sikugeuka.

"Shikamoo, mama."

Nyuma yangu mke wangu, kama ilivyo desturi, akaleta jibu.

"Anasema marahaba, mwanangu. Tena anasema ile suruali ilikuwa pana mno."